Siku Niliyovaa Gauni la Mama Mkwe

Haya, mkitaka kucheka chekeni sasa mmalize, kwa sababu nikianza kueleza sitaki mtu wa kunikatiza. Ni kweli. Yule mwanamume mliyemwona kwenye simu, mwenye ndevu na gauni la maua ya zambarau, amesimama katikati ya ploti yetu ya vyumba vya kupanga huko Kawangware, kituo cha 46, kama bibi harusi aliyeachwa na gari, ni mimi. Na gauni lenyewe halikuwa la mke wangu, maana hilo lingekuwa jambo la kuchekwa siku mbili likaisha. Lilikuwa la mama mkwe. Wale wa kutoka kwetu Bungoma najua mmeshashika kichwa. Wengine ngojeni niwaelezee.

Kwetu mtu na mama mkwe wake hawasalimiani kwa mkono. Hawali meza moja, hawatazamani usoni, na wakikutana njiani mmoja anapisha kando kabisa. Si chuki, ni heshima, na mimi nimekua nikiiona (baba yangu akisikia tu sauti ya nyanya yetu, mamake mama, alikuwa anatoka kwa mlango wa nyuma hata kama tonge la ugali liko mkononi). Kulala chini ya paa moja ndiyo usitaje. Sasa chukua heshima hiyo yote uilete Nairobi, kwenye chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, halafu mama mkwe anakuja na begi lake kukaa wiki mbili.

Alikuja kuonyesha daktari kifua chake. Hiyo ndiyo sababu iliyosemwa. Sababu ya pili ilikuwa mimi. Mimi miguu yangu ni miepesi, sikatai. Nimekaa Kitale, nimekaa Limuru, nimekaa Mombasa nikishona sare za shule, nimekaa Isiolo miezi minne na hadi leo sijui nilifuata nini, na kila mahali nilipotoka napakumbuka vizuri kuliko nilivyopapenda nikiwa hapo. Mara ya mwisho nilimwambia mke wangu Nafula naenda wiki tatu, nikarudi baada ya mwaka na nusu. Januari alinipokea tena, lakini watu wa kwao wakasema ngoja kwanza, mama aende akaone kwa macho yake kama huyu mtu ametulia ama ameegesha tu. Neno la mama ndilo lingekuwa la mwisho. Akisema hapana, Nafula angerudi nyumbani na watoto wetu wawili, Sifa na mdogo wake, na mimi, kwa umri huu, nilikuwa nimechoka kufungua mlango wa chumba kisicho na mtu.

Kwa hivyo alipofika, nilihama. (Ndiyo. Mama mkwe anakuja kuona kama nimetulia, na jambo la kwanza ninalofanya ni kuondoka na blanketi kwapani. Lakini ilikuwa ni heshima.) Nina kibanda cha kushonea pale Raila, Kibera, na kwa siku hizo nilikuwa nalala juu ya mafurushi ya vitambaa karibu na cherehani, halafu asubuhi natembea hadi Kawangware, napitia mtaa wa Satellite, naacha maziwa na mkate kwa jirani, naondoka kabla mama mkwe hajatoka nje. Sitawadanganya, nilikuwa nafurahia ile njia. Miguu yangu ilikuwa imepata ruhusa.

Tatizo lilikuwa baridi. Mnaijua Nairobi ya Julai, ile ambayo jua linakuwa kama taa ya tochi iliyoishiwa betri. Mabati ya kibanda changu yalikuwa yanatoa jasho baridi linanidondokea usoni, nikawa naamka najiuliza, kama mimi mwanamume mzima natetemeka hivi, yule mama mwenye kifua anafanya nini? Nikampigia Nafula. Akaniambia, "Amevaa sweta mbili na leso na bado anatetemeka. Usiku namsikia akikohoa hadi kitanda kinalia."

Hapo ndipo nikaamua kumshonea koti. Si koti la mchezo. Nilikuwa na kitambaa kizito cha mapazia ya mitumba, rangi ya kijani iliyoiva, nikapata soko la Toi blanketi kuukuu la sufu la kuweka ndani kama bitana, na shingo na ncha za mikono nikaamua kuzifuma ili upepo usipate mahali pa kuingilia. Kufuma nilifundishwa na nyanya mmoja wa Limuru aliyenipangisha chumba, alinikuta nimejikunja mlangoni mwake asubuhi moja ya ukungu akaniambia kama najua kutetemeka nitajua na kufuma, akanitupia sindano mbili. Yeye hakuwa ananunua uzi. Unachukua sweta ya mtumba iliyotoboka, unatafuta mshono wa ubavuni, unaufungua, halafu unavuta uzi mmoja na sweta yote inakuja kama mtu anayekiri dhambi. Unaosha, unauanika ukiwa umefungiwa chupa ya maji chini ili ule msokoto unyooke, ndipo unafuma. Nilifumua sweta mbili, moja nyeusi na moja ya kijani, na nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu Limuru yenyewe.

Kilichobaki ni vipimo. Na vipimo vya mama mkwe, rafiki zangu, huwezi kwenda kumzungushia mtu tepu kifuani wakati hata kumtazama unakatazwa.

Mtu mwenye akili angemwambia Nafula ampime mamake. Dakika tano. Lakini nikajua Nafula akishika tepu mama atauliza ni ya nini, na akishajua ataona ni Nafula aliyenituma, na mimi nilitaka koti hilo litoke kwangu mwenyewe, limshangaze, asipate mtu mwingine wa kushukuru. Kiburi kidogo tu. Kidogo kama tundu la sindano.

Alhamisi hiyo nilifika kwenye ploti mwendo wa saa nne asubuhi. Nafula alikuwa kazini, watoto shuleni, mama mkwe alikuwa amechukuliwa na akina mama wa kanisa kwenda maombi Satellite. Uani hakukuwa na mtu. Na kwenye kamba, limenyooka vizuri, gauni lake la Jumapili. Nikaona vipimo vyote vimeanikwa mbele yangu. (Najua, najua. Kushika nguo ya mama mkwe nako si ruhusa. Lakini nilijiambia nitaligusa kwa tepu tu.)

Urefu nilipata. Mabega nikapata. Kiuno ndicho kilichonimaliza, kwa sababu kilikuwa na lastiki, na lastiki ikiwa haina mtu ndani inajikunja haikuambii chochote. Nikaivuta ikanionyesha mwanamke mnene, nikaiachilia ikanionyesha mtoto. Gauni la namna hiyo linataka mwili. Na mwili uliokuwa karibu ulikuwa wangu, mwili ambao Nafula amekuwa akisema tangu tuoane kwamba ukiutazama kutoka nyuma ni kama wa mamake.

Nikalitoa kwenye kamba, nikaingia bafuni, lile bafu la mabati la ploti nzima, nikafunga kwa ndani, nikalivaa juu ya shati na suruali. Liliingia. Na kwa kuwa kifua huwezi kukipima zipu ikiwa wazi, nikafunga kikamba kwenye zipu ya mgongoni nikaivuta juu kwa ustadi mkubwa, nikasikia imefika. Nikapima, nikaandika namba kwenye kiganja kwa kalamu. Nilikuwa nimeridhika kabisa. Kisha nikavuta zipu ishuke. Ikakataa. Ilikuwa imeuma kola ya shati langu, na kadiri nilivyovuta ndivyo ilivyozidi kuuma.

Wakati huohuo nikasikia sauti ya Mama Mutua. Huyu ni jirani yetu, mama wa kutoka Kitui, anauza mboga hapo langoni, na tangu nguo ziibwe kwenye ploti mwezi uliopita amejipa kazi ya kulinda kamba ya kila mtu.

"Gauni ya mgeni imeenda!" alipiga kelele. "Wezi wamerudi! Fungeni geti!"

Milango ikaanza kufunguka. Nikasikia viatu, nikasikia mwiko ukigonga sufuria, nikasikia geti likifungwa kwa nguvu. Halafu mtu akagonga mlango wa bafu.

"Nani ako huko?"

"Ni mimi."

"Mimi nani?"

"Baba Sifa."

"Baba Sifa si unalala Kibera siku hizi?" Ni Mama Mutua mwenyewe.

"Nilipita."

"Sawa. Umeona mtu amebeba gauni ya mama mkwe wako?"

Nikafikiria kwanza. "Nimeliona gauni."

"Limeenda wapi?"

Nikaivuta zipu tena.

"Baba Sifa, limeenda wapi? Toka utuonyeshe!"

Nikatoka nikawaonyesha.

Kwanza ule mwiko ukaanguka. Halafu ploti nzima ikalipuka. Kuna mama alikaa chini kabisa. Kijana mmoja wa bodaboda, ambaye hata haishi hapo, alikuwa ameleta mteja tu, akaniambia, "Fundi, hiyo imekukaa! Hebu zunguka tuone nyuma!" Na binti wa chumba cha kona, Shiru, alikuwa ameshatoa simu. "Baba Sifa, inua kidevu. Enhe. Sasa shika kiuno."

"Shiru, weka hiyo simu."

"Nimeshatuma."

"Umetuma wapi?"

"Kwa Mama Sifa. Nilidhani anajua!"

Mama Mutua alikuja akashika zipu. "Ingiza tumbo."

"Nimeingiza."

"Hii ndiyo umeingiza?" Akavuta, akaweka goti mgongoni mwangu akavuta tena. "Hii inataka kisu."

"Usikate! Ni gauni lake la kanisa!"

Simu yangu ikalia, na iko kwenye mfuko wa suruali, na suruali iko ndani ya gauni, kwa hivyo ilibidi nilipandishe gauni hadi kiunoni mbele ya watu kama mama anayevuka mto. Ni Nafula.

"Uko wapi?"

"Niko kazini."

"Nimekuona, Baba Sifa. Kwa nini umevaa nguo ya mama?"

"Nilikuwa napima."

"Unapima nini?"

"Mama."

Nilisikia anapumua. "Na usifikiri ni mimi peke yangu nimeona. Hiyo picha ilinifikia nikashtuka, nikataka kumtumia dada yangu nimuulize kama macho yangu ni mazima, nikabonyeza vibaya, imeingia kwa kikundi cha familia. Wajomba wote wako humo. Hata mzee wa ukoo. Toa hiyo nguo kabla mama hajarudi."

"Zipu imekwama."

"Basi ukisikia geti, ruka ukuta."

Nikasikia geti.

Mama mkwe aliingia na Biblia kwapani, amejifunika leso mabegani, akaona watu wamesimama duara, akauliza, "Nani amekufa?" Watu wakapisha. Nikawa hapo.

Sijui alinitazama kwa muda gani. Kwangu ulikuwa mrefu kuliko Isiolo. Halafu akavuta leso akafunika uso, akageukia ukuta wa upande wake. Na mimi, kwa heshima ile iliyobaki (haikuwa nyingi), nikageukia ukuta wa upande wangu. Tukasimama hivyo, tumepeana migongo, na mgongo wangu ndio uliokuwa na gauni.

"Mama Mutua," akasema kwa sauti ya chini, "muulize huyo kama ni yeye."

"Baba Sifa, ni wewe?"

"Mwambie ni mimi."

"Anasema ni yeye."

"Muulize kama ana akili."

"Anauliza kama uko na akili."

"Mwambie asubuhi nilikuwa nazo."

Mama Mutua alitugeukia huku na huku. "Lakini si mnasikiana? Mko hatua nne! Sisi huko kwetu Kitui mtu na mkwe wake wanaongea tu."

"Mwambie wewe!" tukasema pamoja, mimi na mama mkwe.

Kikohozi kikampata hapo, kile cha kutoka chini kabisa, na watu waliokuwa wanacheka wakapunguza. Alipomaliza akasema, "Mwambie hilo gauni mimi siwezi kulivaa tena. Limekuwa lake. Mwambie Jumamosi nasafiri kurudi nyumbani, na nilikuwa nimelifua nisafiri nalo, na baridi hii sasa sijui nitajifunika nini. Na mwambie nikifika huko nitaulizwa nimeona nini Nairobi."

Mama Mutua alianza kurudia, akaishia katikati. Hakukuwa na haja. Mimi nilikuwa nimeutazama ule ukuta naona kila kitu: Nafula akikunja nguo za watoto, chumba kimebaki na pazia tu, mimi na blanketi langu kwapani nikichagua barabara. Nikaona kama nitachekwa basi nichekwe yote.

"Mwambie," nikasema, "nilikuwa namshonea koti. La baridi. Sikuwa na vipimo, na kumpima siwezi, na nilitaka asijue mpaka liishe. Mwambie nimekosa."

Hakuna aliyecheka. Hata yule wa bodaboda alizima pikipiki.

"Anasema..." akaanza Mama Mutua.

"Nimesikia," akasema mama mkwe. Halafu: "Muulize bitana ni ya nini."

"Blanketi," nikasema.

"Muulize, la sufu ama yale ya kung'aa?"

"Sufu."

"Anasema sufu, mama."

"Na shingo?"

"Ya kufuma. Hata ncha za mikono."

"Muulize nani anafuma."

"Mwambie ni mimi."

"Anasema ni yeye!" Mama Mutua mwenyewe alishangaa. "Baba Sifa, wewe unajua kufuma?"

Nyuma yangu nikasikia sauti ambayo nilidhani ni kikohozi kingine, lakini haikuwa inatoka chini kama kile. Kisha mama mkwe akasema, polepole, kama mtu anayechagua viazi, "Mwambie hivyo vipimo alivyonavyo ni vyake, si vyangu. Mimi sina kitambi."

Jamani, ploti ile! Nilidhani mabati yatang'oka. Na katikati ya kelele hizo nikamsikia akisema, "Chukua hiyo tepu yake, unipime."

Basi nikarudishwa bafuni nikiwa bado ndani ya gauni, mlango ukafungwa, na Mama Mutua akampima mama mkwe huko nje akiniitia namba kama anauza sukuma wiki. "Kifua, arobaini kasoro moja! Mkono, ishirini na tatu na nusu! Anasema usipunguze hiyo nusu!" Nilifuta namba za kwanza kwa mate nikaandika mpya. Zipu ilifunguka baadaye, kwa sabuni ya kipande, ikanyofoa kola ya shati langu ikabaki nayo mdomoni.

Ile siku nilitembea kurudi Raila haraka kuliko nilivyowahi kutembea, na sikutazama njia hata kidogo. Alhamisi hiyo na Ijumaa nzima nilishona. Kiuno kilipungua inchi tano nzima, sitaki kulizungumzia hilo. Jumamosi asubuhi koti lilikuwa limekwisha, na vifungo vikubwa vya mbao vya kushika hata ukiwa na vidole vilivyokufa ganzi. Nililiacha kwa Mama Mutua, nikaenda nikasimama ng'ambo ya barabara, karibu na muuza chapati, mahali panapofaa.

Alitoka amelivaa. Kijani kile kilimpendeza, na ile shingo nyeusi alikuwa ameipandisha hadi kwenye masikio. Nafula alikuwa amembebea begi, watoto wamemshika mkono huku na huku. Alisimama langoni, akageukia upande wa mboga za Mama Mutua, na akasema kwa sauti ambayo hata muuza chapati aliacha kugeuza:

"Mama Mutua, mwambie fundi wangu mkono wa kushoto umepita kidogo. Desemba aje nyumbani aupunguze. Aje na mke wake na watoto, walale, nimeshawaambia wazee wamtengenezee mahali. Na asisahau sindano."

Nafula alinitazama kutoka ng'ambo. Alikuwa anacheka na anafuta macho. Mkono wa kushoto haukuwa umepita. Niliupima mara tatu.

Usiku huo nililala kwangu, Kawangware, na nipo mpaka leo. Kuhusu gauni, Nafula alilikata akafanya foronya za mito ya viti, ili nisahau, lakini wageni wote wanaziulizia. Na mimi nimeapa, mbele yake na mbele ya Mama Mutua: sitagusa tena nguo ya mtu kwenye kamba, hata mvua ikinyesha, hata upepo ukiibeba, na nikitaka kipimo nitauliza kwa mdomo, kama watu. Lakini ile picha haijafa. Iko Bungoma yote. Shangazi za Nafula wameona koti la mama nao wanataka, kila wiki napata ujumbe mpya, kifua kadhaa, kiuno kadhaa, mkono kadhaa, na kila mmoja wao, bila kuambizana, anamalizia na maneno yaleyale: tafadhali fundi, usilivae kwanza.